Ua lipi kwa mgeni yupi? Linganisha mbochi kabla hujanunua miche

Shemeji yangu wa Turiani alinipigia simu kosa likiwa limeshafika nusu. Nyuma ya shamba lake kuna mizinga kumi na miwili, minne kati yake ikiwa vibweta vya nyuki wadogo wasiodunga, na kwenye kitalu alichopitia mjini alikuwa ameuziwa miche ishirini ya kifabakazi. Muuzaji aliisifia sana: maua mekundu makubwa kama vikombe, mti unakua upesi, kivuli bure. Shemeji akauliza kuhusu nyuki. "Ua ni ua, mzee," akajibiwa, "nyuki watakuja tu."

Watakuja, ndiyo. Shida ni yatakayowapata wakishafika, na hilo nitalirudia. Kwa sasa nataka kuonyesha jinsi ya kuchagua mmea kwa kile kilicho ndani ya ua, maana wengi wetu huchagua kwa rangi halafu tunashangaa mizinga ikiwa mitupu huku bustani imewaka kama kanga mpya.

Kilicho ndani ya ua ni mbochi, hiyo ambayo wataalamu wa ufugaji nyuki huiita nekta. Ni maji yenye sukari, na sukari zenyewe kwa kawaida ni tatu. Kuna sukrosi, ambayo ndiyo hii ya dukani tunayotia kwenye chai, halafu kuna glukosi na fruktosi. Sukrosi ni glukosi moja na fruktosi moja zilizofungwa pamoja, na kimeng'enya kinachokifungua kifungo hicho huitwa invertasi. Mimi hukiita mkasi. Mmea wenye mkasi mkali kwenye tezi za mbochi hutoa glukosi na fruktosi zilizokwishakatwa. Wenye mkasi butu hutoa sukrosi kwa wingi. Mingi ipo katikati. Nyuki ana mkasi wake, chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua, anao tumboni, wewe na mimi tunao. Ndege kwezi hana. Shika hilo, litakusaidia mbele.

Zaidi ya aina ya sukari, angalia uzito wa mbochi. Maji ya sukrosi ya asilimia 60 hukataa kutiririka takriban mara 30 kuliko yale ya asilimia 20. Mdudu anayelamba kwa ulimi wenye vinyweleo huweza kupambana na uzito huo, lakini anayefyonza kwa mrija mwembamba atahangaika. Na mwisho kuna viungo: kafeini, vitu vichungu, asidi za amino, hata sumu. Viungo hivi ni kidogo mno, lakini huamua nani arudi na nani asirudi, kama chumvi kwenye mchuzi.

Herbert na Irene Baker, mtu na mkewe waliofanya kazi Berkeley huko Marekani, walipima mbochi za mimea kwa mamia na mwaka 1983 wakatoa mpangilio ambao hadi leo watu huuanzia hapo. Maua ya nyuki wenye ulimi mrefu, vipepeo, nondo na ndege wavumaji wa Amerika huwa na sukrosi nyingi. Ya nyuki wenye ulimi mfupi, nzi, popo wa Amerika na ndege wanaotua tawini huwa na sukari iliyokatwa. Mpangilio huo umetobolewa matundu tangu hapo, hasa na watafiti wa Afrika Kusini, na matundu hayo ndiyo yanayotuhusu sisi zaidi.

Kwa nyuki: alizeti au kaliandra?

Hapa ndipo pesa ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Alizeti ina vijiua vifupi mamia kwenye kichwa kimoja, mbochi yake ni ya glukosi na fruktosi zaidi, na jua likishapanda maji hupungua, inabaki nzito. Nyuki wa asali anaifikia bila kujinyonga. Kaliandra, ile ya mashada mekundu yenye nyuzi kama brashi inayopandwa kwa ajili ya majani ya ng'ombe na mbuzi wa maziwa, ina historia tofauti kabisa. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati, na huko wageni wake ni popo na nondo wakubwa. Ndiyo maana maua yake hufunguka alasiri kuelekea usiku. Mbochi hutoka nyingi, lakini nyepesi, kama ilivyo kwa maua mengi ya popo. Huku kwetu nyuki huwahi jioni kabla giza halijaingia, kisha hurudi alfajiri kukusanya makombo.

Je, wepesi huo una gharama gani? Piga hesabu. Kilo moja ya asali yenye maji asilimia 18 ina gramu 820 za sukari. Kuzipata kutoka mbochi ya asilimia 45 nyuki hubeba kilo 1.8 hivi na kukausha gramu 820 za maji. Kutoka mbochi ya asilimia 15 hubeba karibu kilo 5.5, na kukausha kilo nne na nusu. Asali ileile, kazi ya kukausha mara tano na ushee, usiku kucha nyuki wakipepea mabawa mlangoni mwa mzinga. Msimu wa mvua, hewa ikiwa imeloa, kazi hiyo haiishi, na ukirina mapema unapata asali inayozidi asilimia 20 ya maji, ambayo viwango vya kimataifa huikataa na ambayo itachacha ndoo ikikaa.

Basi alizeti imeshinda? Kwa asali ya kuuza, ndiyo, kwa wiki chache inazochanua. Ina kero moja: glukosi ikiwa nyingi asali huganda upesi, na mteja wa mjini akiona asali imeganda anadhani umechanganya sukari. Inabidi ujiandae kumweleza. Kaliandra nayo hutoa maua kwa miezi mingi, na kundi lenye njaa halijali kama chakula ni chepesi. Wafugaji wa Afrika Kusini wanalijua hili vizuri: huhamisha mizinga kufuata mishubiri inayochanua majira ya baridi, mbochi yake ikiwa ya asilimia 20 hivi, kwa sababu wakati huo hakuna kingine na makundi hujijenga kwa hiyo. Mimi ningepanda alizeti kwa ndoo, kaliandra kwa njaa, na sitegemei kurina chochote cha maana kutoka hiyo ya pili.

Ila kama una kahawa au michungwa, panga mizinga karibu nayo kabla ya kununua mche wowote. Mbochi ya kahawa na ya jamii ya machungwa ina kafeini, kidogo sana, chini ya kiwango ambacho nyuki angeusikia uchungu. Mwaka 2013 mtafiti Geraldine Wright na wenzake walionyesha kwamba nyuki waliolishwa sukari yenye kafeini kama hiyo waliikumbuka harufu ya ua baada ya saa 24 mara tatu zaidi ya wale waliolishwa sukari tupu. Yaani ua linamnywesha nyuki kikombe ili kesho asisahau njia. Kwa mkulima wa robusta kule Kagera au Uganda hili ni pato, maana robusta haijichavushi yenyewe, inahitaji chavua ya mti mwingine. Arabika ya Kilimanjaro hujimudu zaidi, ingawa nyuki hawaiharibii kitu.

Kwa ndege: leonotisi au mwamba-ngoma?

Watu husema "maua ya ndege" kana kwamba ndege ni mmoja. Steve Johnson na Sue Nicolson wa Afrika Kusini walilinganisha mwaka 2008 wakakuta makundi mawili yasiyofanana. Maua yanayomtegemea mnywaji bingwa, yaani chozi kwa upande wetu, hutoa mbochi kidogo, mikrolita 10 hadi 30, ya asilimia 15 hadi 25, na sukrosi ikiwa karibu nusu ya sukari yote. Maua yanayopokea ndege wowote, shorwe, kwezi, kinengenenge, kwera, humwaga mikrolita 40 hadi 100, nyepesi ya asilimia 8 hadi 12 tu, na sukrosi karibu hamna.

Kwa nini? Kwezi na ukoo wake hawana mkasi. Ukiwanywesha sukrosi hupita bila kukatwa, inavuta maji utumboni, na ndege anaharisha, vilevile kama mtu mzima asiyepatana na maziwa. Ua linalotaka kupakwa chavua na kwezi halina budi kumkatia sukari kabla. Chozi yeye humeng'enya sukari zote tatu karibu bila kubakiza, kwa hiyo ua lake halina sababu ya kujisumbua.

Leonotisi, yenye maua ya rangi ya chungwa yaliyozunguka shina ngazi kwa ngazi kama shanga za mkufu, ipo kundi la chozi. Kila ua ni bomba lililopinda, na ukikaa kimya utaona mdomo wa chozi umepinda hivyohivyo, unaingia kama ufunguo, paji la uso likitoka na vumbi la chavua. Chozi wa mabawa ya dhahabu karibu na Naivasha walifuatiliwa na Frank Gill na Larry Wolf miaka ya 1970: ndege mmoja huilinda sehemu yake ya leonotisi na kumfukuza kila anayeikaribia, lakini pale tu ambapo mbochi inayookolewa inalipa gharama ya kufukuzana. Ukipanda kichaka kidogo, basi, utapata chozi mmoja mgomvi na burudani ya asubuhi nzima.

Mwamba-ngoma ni habari nyingine. Huchanua ukiwa hauna jani, mwekundu kwa mbali, na ndege wa kila namna hutua. Akina Baker waliipima jamii hii ya mimea kwa upana: spishi za Amerika zinazotembelewa na ndege wavumaji zina sukrosi nyingi, na zile zinazotembelewa na ndege wanaotua zina glukosi na fruktosi, pamoja na asidi za amino nyingi zaidi. Ukoo mmoja, wateja tofauti, jiko tofauti. Mwamba-ngoma unaota hata kwa kijiti ulichochomeka kwenye ua wa nyumba, na kama unataka kelele na ndege wengi bila kujali ni yupi, chagua huo. Ukitaka chozi tu, leonotisi, na hata eneo la beseni la kufulia linatosha kuanza.

Mshubiri upo katikati, na kuna mmoja wa kustaajabisha kule KwaZulu-Natal, Aloe vryheidensis, wenye mbochi ya rangi ya kahawia iliyokolea na uchungu mkali. Nyuki wa asali na chozi wakiionja huiacha. Shorwe huinywa bila kukunja uso. Johnson na wenzake walieleza mwaka 2006 kuwa uchungu huo ni chujio: midomo mirefu ya chozi na miguu ya nyuki hairushi chavua ipasavyo kwenye ua hilo, kwa hiyo mmea unawafukuza wanywaji wasiolipa. Usije ukapanda mshubiri wa aina usiyoijua mbele ya mizinga kwa kuwa tu jirani ana mshubiri mwingine unaofanya vizuri.

Kwa usiku: mbuyu, msufi au mpapai?

Mbuyu hufungua maua machweo, meupe, yakining'inia kwa kikonyo kirefu, yenye harufu nzito ya kabichi iliyokaa. Popo walao matunda huja kwa mabawa ya haraka, hukumbatia ua, hunywa, huondoka wakiwa weupe kifuani. Kufikia asubuhi ua limeshalegea, na siku hiyo au inayofuata liko chini. Hapa Afrika Mashariki popo ndio mabwana wa mbuyu. Kusini mwa bara nondo wakubwa wana sehemu kubwa zaidi, jambo linaloonyesha kwamba hata mti mmoja haushiki mkataba mmoja kila mahali. Msufi nao ni wa popo, na huchanua mapema kuliko mbuyu, ambao ukiupanda leo unampandia mjukuu.

Mbochi ya popo ni nyingi na nyepesi. Popo mmoja anahitaji kiasi ambacho kingelisha nyuki mamia, na hana haja ya kuibeba nyumbani na kuikausha, kwa hiyo maji mengi hayamkeri. Protini anaipata kwingine, hivyo asidi za amino humo ni chache.

Mpapai una ujanja wa aina yake. Madume hutoa mbochi, majike hayatoi, au hutoa kwa jina tu. Nondo wakubwa wenye mrija mrefu hunywa kwenye dume, kisha gizani hukosea na kuingia jike, wakakuta patupu, lakini chavua wameshaiacha. Herbert Baker aliuita mtindo huo uchavushaji wa makosa, mwaka 1976. Kwenye bonde la Kerio huko Kenya, Dino Martins na Johnson walikuta kwamba mashamba ya mapapai yaliyo karibu na pori hutembelewa na nondo hao zaidi. Kwa anayechagua, somo ni fupi: ukiwa na mipapai ya dume na jike mbalimbali, usikate madume yote kwa kuwa hayazai, na uache kipande cha kichaka jirani ili viwavi wa nondo wapate pa kulelewa. Mizinga haitakusaidia sana hapo.

Vipepeo nitawapita haraka. Wanataka bomba jembamba, sukrosi, mbochi isiyozidi uzito wa juisi, na asidi za amino huwapendeza kwa kuwa wengi wao hawana chanzo kingine cha protini wakishakuwa wakubwa. Pentasi, ambayo asili yake ni huku kwetu, inatosha. Lantana nayo huwavuta sana, lakini inavamia mashamba, jirani atakulaani.

Rudi kwa kifabakazi

Ni mti wetu wa Afrika, na ndege wanaupenda. Kikombe chake kikubwa hujaa mbochi. Lakini Brazili, ambako ulipelekwa kama pambo, watafiti wamekuta nyuki wadogo wasiodunga wamekufa kwa wingi ndani ya maua yake, na mbochi yenyewe ikitajwa miongoni mwa visababishi. Mwenye mizinga ya nyuki wadogo kuuweka hatua kumi kutoka vibwetani ni kuweka pombe ya sumu mlangoni mwa watoto. Wa kivuli cha barabarani, sawa.

Kupima mwenyewe

Sipendi ushauri usiopimika. Mimi nilianza kwa aibu: nilikuwa na refraktometa ya asali, yaani kifaa cha kusomea kiasi cha sukari, nikaitia mbochi ya mgomba, nikachungulia, sikuona mstari wowote. Nikaipangusa, nikatia tena. Nikadhani imekufa, nikaenda kumlalamikia aliyeniuzia, naye akanicheka mbele ya wateja. Kipimo cha asali huanzia asilimia 58 ya sukari na kupanda juu. Cha mbochi kinatakiwa kianzie sifuri, kiishie 32 au 50. Vinauzwa vyote, vinafanana kwa sura, soma namba kabla hujalipa.

Kujua kama sukari imekatwa au la, kuna njia ya duka la dawa: vijiti vya kupimia sukari kwenye mkojo. Vinajibu kwa glukosi peke yake. Chukua tone la mbochi, lichanganye na matone mengi ya maji safi, chovya. Kikibadilika rangi, mkasi umefanya kazi. Kisipobadilika na ulimi unasema tamu, hapo sukrosi inatawala. Kimeng'enya kilichopakwa kwenye vijiti hivyo ni glukosi oksidasi, ambacho nyuki naye hukitumia kutia asali asidi na dawa ya kuua vijidudu. Nililifurahia hilo nilipoligundua, sijui kwa nini.

Pima saa mbili asubuhi na pima tena saa sita mchana. Maua yaliyo wazi hubadilika sana kwa jua, ya bomba hubadilika kidogo, na mvua ikinyesha usiku usipime kitu, utakuwa unapima mvua.

Shemeji alisikiliza yote, akauliza lile ambalo wafugaji wote huuliza: "Sasa mimi nipande nini?" Tulikubaliana alizeti nusu ekari kwa awamu mbili, kaliandra mstari mmoja kwenye ua wa ng'ombe, michungwa yake mizee sita isikatwe kama alivyokuwa amepanga. Msufi aliukataa mwenyewe. Ana miembe kumi na minne, na akasema popo wakishaijua njia kwa ajili ya maua, wataikumbuka embe zikiiva. Sikuwa na la kumjibu. Miche ya kifabakazi ishirini aliipeleka barabarani, upande wa pili wa mto, mbali na vibweta, na amebakiza mmoja kwenye kopo kwa sababu mkewe, dada yangu, ameipenda rangi.